Dagaa Waliopita Kwenye Chekecheke

Nyinyi mliobaki ghalani mmenitaka niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau. Mmechelewa kidogo, lakini kawia ufike. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuja kwa kujivuta, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za mifupa ya samaki, maana hiyo ndiyo niliyokaa nayo miaka yote, na habari za jambo moja lililotokana na mifupa hiyo, ambalo mpaka leo nikikaa barazani kwangu Chukwani linanikera rohoni.

Siku ya kwanza nilifika Mji Mkongwe nimevaa buibui jipya na viatu vya kisigino, nikidhani nimeajiriwa kukaa mezani. Mzee Vuai, mkuu wa ghala la idara ya mambo ya kale, aliniangalia miguu kwanza, halafu uso.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wajua kupaa samaki?"

"Nnajua."

"Vizuri. Sasa vua viatu hivyo, maana leo tunachemsha."

Nilifikiri ananitania. Hakuwa mtu wa utani. Kazi yenyewe ni hii: mfupa unaotoka ardhini hauna jina. Ili uupe jina, lazima uuweke pembeni ya mfupa wa samaki unayemjua. Kwa hiyo tulihitaji kila samaki wa bahari yetu, mkubwa kwa mdogo, akiwa mifupa mitupu, amekaushwa na kuwekwa kwenye sanduku lenye jina lake. Hakuna duka linalouza kitu hicho. Asubuhi tulikwenda diko la Malindi, pale mjini wavuvi wanaposhukia, kununua, tukapima, tukarudi uani kwetu kuchemsha kwenye masufuria ambayo hakuna mke duniani angekubali kuyarudisha jikoni kwake.

Mzee Vuai alinifunza kuchemsha polepole, kwa sababu ukiharakisha moto fuvu linafumuka na vipande haviungani tena. Alinifunza kusugua kwa mswaki laini, kushika kwa kibano, na kuanika kivulini. Chumvi alinikataza. "Wewe hupiki," alisema, "ingawa utanuka kama mpishi." Majirani walilalamika kila wiki. Paka wa mtaa ule ndio pekee waliotupenda. Siku moja mmoja alikimbia na taya ya samaki tasi, na Mzee Vuai akamfuata mpaka kwenye ngazi za nyumba ya watu, kanzu kaikunja mkononi, akarudi nayo ikiwa na alama za meno. Taya hiyo bado imo sandukuni. Mkiziona alama zile msije mkaziandikia makala.

Polepole nikaanza kujua. Changu ana magego ya kusagia makombe ya baharini. Pono, ambaye watu wanamjua kwa usingizi tu, mimi namjua kwa meno yake, ambayo hayaozi hata yakikaa ardhini karne ngapi. Na juu ya yote hayo Mzee Vuai alikuwa na sharti moja ambalo ukilivunja hakusemeshi siku nzima. Ulipokuwa humwoni samaki fulani katika mifupa, ulitakiwa useme "sijamwona." Ukisema "hakuwapo," alikuvulia miwani na kukuangalia mpaka ujirekebishe. Niliona ni ukaidi wa kizee.

Kisha likaja jaa la kaskazini. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana wenyewe wamechoka kutajwa. Kinatazamana na kisiwa cha Tumbatu, hiyo inatosha. Nyuma ya kijiji palikuwa na jaa la watu wa kale, mahali walipotupa majivu, vigae na mabaki ya chakula vizazi na vizazi. Wageni wa chuo kimoja cha nje walikuja kulichimba pamoja na watu wa idara yetu. Muda wao ulikuwa mfupi na mvua ilikuwa karibu, kwa hiyo mchanga waliuchekecha kwa haraka na mifupa wakatuletea sisi kwa gari, masanduku kwa masanduku.

Niliyafungua masanduku yale pamoja na Mzee Vuai. Katika yale ya tabaka la chini kabisa nilitoa pingili ya uti wa mgongo wa chewa iliyojaa kiganja changu. Mzee Vuai aliichukua, akaiweka pembeni ya pingili ya chewa mkubwa kuliko wote tuliowahi kumnunua Malindi. Ilikuwa kama bibi mtu mzima na mjukuu wake.

"Huyu sijapata kumwona," alisema, "na mimi nimezaliwa pwani."

Tabaka kwa tabaka tukipanda juu, chewa walipungua umbo, kisha wakapungua idadi. Mahali pao wakaingia samaki wa maji ya mbali, nguru na papa, dalili kwamba watu walikuwa wameshaumaliza mwamba wa karibu na sasa wanatoka nje kutafuta. Nilikuwa kijana, sikujua kama mifupa inaweza kumtia mtu huzuni. Tuliambiwa siku zote kwamba wazee wetu waliishi na bahari kwa adabu na sisi ndio tuliokuja kuiharibu. Mifupa ilionyesha kwamba hata wao walikuwa na njaa na walikuwa na watoto.

Mzee Vuai alistaafu, na miaka michache baadaye tukamzika. Ghala likabaki kwangu. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuja kuuliza kitu, isipokuwa watalii waliopotea njia.

Wa kwanza kuja kwa makusudi alikuwa Bwana Othman, ofisa wa hifadhi ya bahari. Nilikuwa sina imani na maofisa wa semina, lakini yeye alikuja na suruali imekunjwa na miguu ina chumvi, na nikampa ile pingili ya chewa aishike.

"Bi Zuwena," akasema, "mimi nawapelekea wavuvi michoro na takwimu, wananipigia makofi halafu wanarudi pale pale. Hii nikiwaonyesha hawatakuwa na la kusema."

Na kweli. Alizunguka nayo vijijini, mkono mmoja pingili ya kale, mkono mwingine pingili ya chewa wa siku hizi. Wanaume ambao hawakubali neno la serikali hata kuhusu hali ya hewa walizipokezana zile pingili na kuinamisha vichwa. Mwamba wa nje ukafungwa kwa ridhaa yao wenyewe. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimechemsha samaki nusu ya umri wangu na kwa mara ya kwanza kulikuwa na samaki hai aliyefaidika.

Tatizo lilikuwa katika ripoti ya wale wageni. Humo waliandika kwamba watu wa kale wa pale walivua samaki wakubwa, na wadogo waliwaacha wakue. Waliandika hivyo kwa sababu masanduku hayakuwa na mifupa midogo. Sentensi hiyo ilipendwa sana. Ilibandikwa ukutani, ikasomwa mikutanoni, na mwishowe ikawa sababu ya kufunga na maji ya ndani pia, yale ya magotini yenye majani ya bahari, asivuliwe samaki mdogo yeyote kwa chombo chochote. Ati tunarudi kwenye mila ya wazee.

Maji yale ya ndani yalikuwa ya wanawake. Wakati wa bamvua, bahari inapotoka mbali kabisa, walishuka wawili wawili na kitambaa cha merikani kilichoshonwa kwa upana, wakakitandaza majini, huku wengine wakipiga maji kwa mikono kuwasukuma dagaa waingie. Wenyewe wanaita kutanda. Dagaa wale waliliwa, na waliobaki walianikwa wakauzwa, na kwa hao watoto walisomeshwa. Siku moja walifika na vitambaa vyao, wakakuta askari wa doria.

Ndipo akaja Bi Mize. Ilikuwa asubuhi, nimeinama mezani na kibano. Alisimama mlangoni, mwanamke mwembamba, kajitanda kanga, jasho limemjaa.

"Hodi."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. We ndo mwenye mifupa?"

"Naam, ndiye mimi."

"Nioneshe, basi. Nimetoka kaskazini tangu alfajiri kwa ajili yake."

Nikamkalisha, nikampa maji, hakuyanywa. Akaniambia kwamba yeye na dada yake Mtumwa wametanda pamoja tangu wasichana, mmoja upande huu wa kitambaa, mmoja ule. Sasa wameambiwa kazi yao haina asili pale.

"Nnaambiwa mifupa yenu imesema wazee wetu hawakuwa wakila dagaa."

Nilimfungulia masanduku. Aliyapitia yote, akiinua mfupa mmoja mmoja kwa vidole viwili.

"Wakubwa watupu," alisema.

"Ndivyo walivyoletwa."

"Mimi kanifunza bibi yangu. Na yeye kafunzwa na bibi yake. Sasa bibi yangu alikuwa mwongo?"

Nilitaka kumjibu kwamba dagaa hawakuwapo. Neno lilinifika ulimini, na likaishia hapo, maana niliona miwani ya Mzee Vuai ikivuliwa. Nikainuka nikaenda chumba cha nyuma. Lile chekecheke la jaa la kaskazini, ambalo wageni walituachia, lilikuwa linaning'inia msumarini. Nikatoa na sanduku letu la dagaa, wale niliowachemsha mwenyewe, nikatandaza gazeti sakafuni na kumimina mifupa juu ya chekecheke. Yote ilipita. Haukubaki hata mmoja juu ya waya.

"Ndo nini hivi?" aliuliza Bi Mize.

"Matundu ni makubwa, Bi Mize. Kama dagaa walikuwamo katika jaa lile, walipita hivi hivi wakatupwa na mchanga."

Aliangalia gazeti, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo sisi tumetolewa baharini kwa matundu haya?"

"Inawezekana. Sijui bado."

"Basi jua, mwanangu," alisema, na ndipo akanywa maji.

Nilikwenda kaskazini wiki ile ile. Lundo la mchanga uliokwishachekechwa lilikuwa bado lipo nyuma ya zizi la mbuzi, limeota majani. Idara haikuwa na chekecheke la matundu madogo, na maombi ya vifaa mnajua yanavyokwenda. Kwa hiyo nilifanya ambacho kila mwenye akili angefanya: nilichukua chandarua, nikakikunja mara mbili, nikakipigilia kwenye fremu ya mbao, na Bi Mize na Mtumwa wakanisaidia kubeba mchanga hadi ufukweni tuuoshe kwa maji ya bahari.

Mnajua kwamba kuvua kwa chandarua ni marufuku. Mimi nilijua pia, lakini sikuwa navua. Boti ya doria ilipotuona, wanawake watatu na chandarua majini, ilikuja moja kwa moja.

"Mama, hicho ni chombo haramu," alisema askari.

"Tunachekecha mchanga," nikamwambia. "Tunatafuta mifupa ya samaki."

Alimgeukia mwenzake. "Jana wengine walisema wanafua. Leo wanatafuta mifupa."

Wakakichukua chandarua na fremu yake, na mchanga wa karne ngapi sijui ukamwagikia kwenye boti yao. Mtumwa alicheka mpaka akakaa majini. Mimi sikucheka. Ilinibidi niende ofisini kwa Bwana Othman kudai chandarua changu kama mvuvi haramu yeyote, na yeye alicheka vilevile, mpaka nilipomwonyesha kilichobaki katika mikunjo yake.

Walikuwamo. Pingili ndogo kama punje za ufuta, taya nyembamba kama kipande cha ukucha wa mtoto. Baadaye, kwa kitambaa kizuri cha kuchekechea na ruhusa ya maandishi, nilifungua na ukuta wa shimo walilochimba wageni, nikachukua mchanga wa kila tabaka. Tangu chini kabisa mpaka juu, dagaa. Wazee walivua chewa mpaka wakawamaliza, na wakati wote huo kuna watu, na sina shaka walikuwa wanawake, waliokuwa wakitanda maji ya ndani, na dagaa hawakupungua tabaka hata moja.

Bwana Othman alisikiliza yote. Kisha akafunga mlango wa ofisi yake.

"Bi Zuwena, nikisimama leo nikasema tulikosea kwa dagaa, kesho watasema tulikosea na kwa chewa. Mwamba wa nje utavamiwa."

"Kwa chewa hamkukosea."

"Mimi nnajua. Na wewe wajua. Wao watajua vipi?"

Nilimwambia tu kwamba ukweli ukiukata vipande ukachukua unachotaka, ipo siku utakosa wa kukuamini hata kwa kile kipande. Haki yake nampa: alilipeleka suala juu, kwa jina lake, na alilaumiwa kwa hilo. Lakini kufunga bahari ni saini moja na kuifungua ni saini kumi. Karatasi ilipanda, ikashuka, ikakosewa, ikarudishwa. Wakubwa walihamishwa na wapya wakataka waelezwe upya. Nilielezea mbele ya meza nyingi, kila mara na kichupa changu cha mifupa, na kila mara walinisifu kwa utafiti mzuri.

Bi Mize alikuwa akinipigia simu. "Vipi, mwanangu, maji yetu?" Mwanzoni alipiga kila bamvua, kisha akapunguza. Siku moja alipiga kunambia Mtumwa amefariki. Nilikwenda mazikoni na sikujua niketi na uso gani. Kule hitimani hakuna aliyeniuliza habari ya maji. Wasichana waliokuwa wadogo bahari ilipofungwa walikuwa sasa wanatandika vitanda mahotelini. Binti ya Bi Mize mwenyewe, Mwajuma, alikuwa dobi wa hoteli na mkono wake ulikuwa haujawahi kushika merikani.

Ruhusa ilitoka mwaka wangu wa mwisho kazini. Maji ya ndani yamefunguliwa kwa wanawake wa kijiji, kwa kutanda tu, bamvua kwa bamvua. Bwana Othman alinipigia kwa furaha, nami nikaomba gari la idara kwa mara ya mwisho nikaenda kuona.

Nilimkuta Bi Mize keshafika ufukweni na kitambaa chake begani. Mwajuma alikuwa kasimama mchangani na sare ya hoteli, anatazama saa. Bahari ilikuwa imetoka vizuri, maji ya kwenye majani yametulia, na dagaa niliwaona kwa macho yangu, wengi, wanageuka pamoja na kung'aa. Kufungwa kuliwasaidia, lazima niseme. Ila wanawake hawakuwako. Mmoja anaumwa magoti, mmoja kahamia mjini kwa mwanawe, wengine, alisema Bi Mize, wameona aibu kurudi kwenye kazi waliyofukuzwa.

"Tungoje kidogo," nilisema.

"Maji hayangoji. Njoo wewe ushike huko."

Nikapandisha nguo nikaingia. Alinipa ncha mbili za upande wa pili. Ya juu unashika kwa mkono. Ya chini unaikanyaga kwa vidole vya mguu, na unatembea bila kuinua mguu, unauburuta mchangani, ili kitambaa kisiache nafasi. Alinieleza hivyo mara moja, tukaanza kwenda. Dagaa walikuja mbele yetu kama kivuli. Nilijua kila mfupa uliomo ndani yao. Ningeweza kukwambia kwa macho yaliyofumbwa ipi ni pingili ya shingo na ipi ya mkia. Kisha nikakanyaga kitu chenye ncha, nikainua mguu.

"Pindo, Bi Zuwena! Kanyaga pindo!"

Walipita wote chini ya unyayo wangu. Niliwahisi wakinigusa.

Bi Mize alisimama akiwatazama wanavyokwenda.

"Tujaribu tena," nikasema.

"Mtumwa nilikuwa simwambii," alisema. "Nilikuwa hata simtazami." Akamwita binti yake kwa sauti. "Mwajuma! Njoo ushike!"

"Mama, nnachelewa kazini," alijibu Mwajuma. "Siku nyengine, inshallah."

Bi Mize hakumgombeza. Alikivuta kitambaa kwangu, akakikamua, akakikunja, akakikunja tena, kisha akanitia mikononi.

"Kipeleke huko kwenu ghalani."

"Bi Mize, maji yamefunguliwa. Utakihitaji."

"Kwa mkono upi wa pili? Kipeleke. Ukiandikie jina lake, wasije wakasema hakikuwapo."

Nilikataa mara mbili, mara ya tatu nikapokea. Ghalani nilikianika kivulini, nikakilaza katika sanduku, nikakiandikia kibandiko kama kila kitu: kitambaa cha kutanda, merikani, kutoka kaskazini ya Unguja. Chini ya hapo kuna nafasi ya jina la mtumiaji, ambayo kwa vitu vyetu vyote huwa tunaandika "hajulikani." Nikaandika Mize na Mtumwa. Katika miaka yangu yote pale ndicho kitu pekee nilichowahi kukiingiza ghalani hali mwenyewe yu hai, na nilipofunga mfuniko nililia.